Kuchagua na kufunga vilengeo vya usiku kwenye bastola
Mwenye bastola ya kibali, awe Lindi mjini au Mikindani, achague kilengeo (alama ya kulengea juu ya bastola) cha mbele kinachong'aa kuliko cha nyuma, kwa kuwa gizani jicho hufuata hicho. Mwanga hutokana na gesi ya tritiamu, yenye mionzi hafifu, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi. Basi tazama mwaka wa kutengenezwa, hata muuzaji akiapa ni kipya. Kufunga mwachie fundi silaha mwenye leseni: atoe magazini (kisanduku cha risasi), ahakikishe chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ni tupu, kisha akisukume kilengeo taratibu kwa kibanio cha skrubu, si kwa nyundo, maana kichupa cha kioo chenye gesi hiyo ndani yake, kidogo kama punje ya mchele, hupasuka. Upepo wa bahari una chumvi, kwa hiyo pakaa chuma cha bastola mafuta mepesi. Risasi zikipiga kushoto, kilengeo cha nyuma kisogezwe kulia.