Jinsi ya kusoma alama zako za Step 2 CK

Madaktari wanagenzi hapa Kisumu huniletea ripoti zao za Step 2 CK, sehemu ya pili (ya maarifa ya kliniki) ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, wakiwa wameshapiga hesabu: 215 kati ya 300 ni kama asilimia 72. Vyuo vyetu vya udaktari vimewazoesha kwamba 50 kwa mia inatosha. Sasa ripoti inasema wameanguka, na inawauma sana. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Weka kikokotoo kando. Mizani ya 1 hadi 300 haihesabu maswali uliyopata. Mtihani una maswali yasiyozidi 318, na baadhi yanajaribiwa tu, hayahesabiwi. Kwa kawaida anayefaulu huwa amepata takriban asilimia 60 ya maswali.

Hatua ya 2: Angalia tarehe uliyofanya mtihani. Alama ya kufaulu ilikuwa 214, ikapanda hadi 218 tarehe 1 Julai 2025. (Kwenye Step 1, sehemu ya kwanza ya USMLE, usitafute namba: tangu 26 Januari 2022, aliyefaulu huambiwa tu kwamba amefaulu.)

Hatua ya 3: Elewa usawazishaji. Hapa ndipo wengi hupotea. Wewe na mwenzako hampewi maswali yale yale. Seti moja inaweza kuwa ngumu kidogo kuliko nyingine. Watahini wanajua ugumu wa maswali kutokana na majibu ya watahiniwa, kwa hiyo aliyepewa seti ngumu hufikia 230 kwa majibu sahihi machache kuliko aliyepewa nyepesi. Ndiyo maana kuulizana "ulipata mangapi?" hakusaidii. Pia hakuna idadi iliyopangiwa kuanguka. Kiwango cha kufaulu huwekwa kabla, kwa ushauri wa majopo ya madaktari, na werevu wa mliofanya pamoja haukushushi hata alama moja.

Hatua ya 4: Acha nafasi ya kosa la kipimo, yaani kiasi ambacho alama inaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu, ambalo ni kama alama 6. Ukipata 245, uwezekano ni kama mara mbili kwa tatu kwamba uwezo wako halisi uko kati ya 239 na 251. Kwa hiyo sikubali kabisa mtu wa 247 aambiwe ni bora kuliko wa 244.

Hatua ya 5: Ndipo ujilinganishe. Wastani wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanaofanya kwa mara ya kwanza unakaribia 250, na mkengeuko sanifu, yaani umbali wa kawaida wa alama za watu kutoka kwenye wastani, ni kama 15. Hivyo 245 iko chini kidogo tu ya wastani.

Na yule wa 215? Alama tatu zilizompungukia kufikia 218 zimo ndani ya kosa la kipimo, lakini matokeo hayabadiliki kwa sababu hiyo. Asome sehemu ya ripoti inayoonyesha maeneo aliyolegea, aanze na hayo. Kila Step ina majaribio manne tu, kwa hiyo asijisajili tena kabla mitihani ya mazoezi haijampa zaidi ya 224 mfululizo.