Kutunga wimbo wa watoto wadogo: anza na makofi, siyo na karatasi

Nafundisha darasa la awali Muheza, mkoani Tanga, watoto wa miaka mitano pamoja na wadogo zao wanaoletwa kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki nao. Nyimbo nyingi tunazoimba nazitunga mwenyewe, na walimu wenzangu huniuliza naanzia wapi. Naanzia kwenye makofi. Kabla ya tuni, kabla ya vina, nasema sentensi kwa sauti ya kawaida huku napiga makofi, nisikie pigo linaangukia wapi.

Kiswahili kimeturahisishia. Karibu kila neno letu lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anaujua mkazo huo hata kabla hajajua kushika penseli. Wimbo ukipiga pale pale mdomo unapopiga, mtoto ataushika siku hiyo hiyo. Ukipiga kwingine, utaurudia mpaka uchoke na yeye bado anameza maneno.

Chukua chungwa, maana huku kwetu halikosekani:

Chungwa langu lina nini?
*Lina maji, lina maji!*
Chungwa langu lina nini?
*Lina mbegu, lina mbegu!*
Chungwa langu lina nini?
*Lina ganda, lina ganda!*
Mbegu moja naipanda,
*naipanda, naipanda!*

Sema mstari wa kwanza na makofi: CHUngwa LAngu LIna NIni. Silabi nane, mapigo manne, na kila pigo limekaa juu ya mkazo wa neno. Hizo nane ndizo mizani, yaani hesabu ya silabi, za kipande kimoja cha shairi letu la kawaida, lile ambalo kila mstari una nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Kwa mtoto wa awali kipande kimoja kinatosha. Mizani kumi na sita pumzi yake haifiki.

Sasa jaribu kuweka wingi: "Machungwa yangu yana nini". Mkazo umehamia silabi ya pili, maCHUngwa, na mizani zimekuwa tisa. Watoto wakipiga kofi la kwanza kwenye "ma", mstari mzima unapinda. Ukitaka wingi, wafundishe kuanza na "ma" kabla ya kofi, au badilisha sentensi. Kiambishi kimoja tu kinatosha kuhamisha pigo, na "-ni" ya mahali hufanya vivyo hivyo: mKOno, lakini mkoNOni. Kwa hiyo kila ukibadilisha neno, rudi kwenye makofi.

Hapa ndipo naposikitishwa na nyimbo nyingi za chekechea. Tunachukua tuni ya wimbo wa Kiingereza na kuibandika maneno yetu. Tuni zile mara nyingi humalizia mstari kwa sauti moja yenye nguvu, kwa sababu wao wana maneno mengi ya silabi moja. Maneno yetu karibu yote humalizia kwa silabi dhaifu. Matokeo yake mtoto anaimba "mkoNO", "kiCHWA", jambo ambalo hata siku moja hakulisikia kwa mama yake. Mtoto huyu bado anajenga lugha, tusimfundishe kuivunja.

Ila kama unataka mstari unaomalizika kwa kishindo, Kiswahili kina dawa yake: tanakali za sauti. Nyeupe pe. Nyeusi tii. Nyekundu ndi. Kulala fofofo. Silabi fupi, nzito, na watoto wanazipenda kupita kiasi. Wimbo huu wa rangi mimi natoa, wao wanaitikia:

Unga huu ni mweupe,
*pe! pe! pe!*
Sufuria ni nyeusi,
*tii! tii! tii!*
Nyanya hii ni nyekundu,
*ndi! ndi! ndi!*
Paka wetu amelala,
*fo! fo! fo!*

Angalia kazi waliyopewa watoto: mlio mmoja mfupi, mara tatu. Aliyefika jana shuleni ana cha kuimba leo. Wimbo wa kuitikiana unampokea kila mtoto, hata yule asiyefungua mdomo wiki nzima, kwa sababu sehemu yake ni ndogo na inarudi. Ukitoa mstari, nyamaza kidogo. Usiwasaidie kuitikia. Wakijaza wenyewe ile nafasi uliyoiacha, wimbo umeshakuwa wao. Na mstari wa paka uwe wa mwisho daima, kwa sababu wanajilaza sakafuni kwa "fo" na hapo unapata darasa lililotulia bila kupandisha sauti.

Kuhusu vina, usihangaike sana. Ngeli zinakupa vina bure: kikombe changu, kijiko changu, kiatu changu. Mtoto anaimba huku anajifunza upatanisho wa kisarufi, wala humwambii neno "ngeli". Ukibadili kuwa vikombe vyetu, vijiko vyetu, viatu vyetu, umeshatunga ubeti wa pili. Usigeuze sentensi kichwa chini ili tu upate kina. Mtoto akikosa kuelewa anachoimba, kina hakina faida. Ila kumbuka kwamba maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo kulinganisha irabu peke yake hakusikiki kama kina. Linganisha silabi nzima, ganda na panda.

Nambari nazo ni zawadi. Moja mpaka kumi, kila moja ina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza. Nne kwa mstari, umepata mizani nane bila jasho: moja, mbili, tatu, nne. Hiyo "nne" isimamie vizuri, n-ne, kofi liangukie kwenye N, maana watoto huimeza na kuacha "ne" peke yake. Wimbo wa kuhesabu uishie kumi. Kumi na moja inavunja mwendo.

Majina ya watoto ni tofauti. Juma na Asha wanaingia kwenye pigo, lakini Rehema na Emanueli wanagoma. Usiyabane. Tamka jina la mtoto kwa sauti ya kawaida, nje ya pigo, kisha darasa liitikie kwa wimbo: *Yuko hapa, yuko hapa!* Kila jina linaenea, na kila mtoto anasikia lake likitamkwa sawasawa. Asubuhi nafanya hivyo badala ya kuita mahudhurio.

Juu ya maudhui nina msimamo. Wimbo mmoja, kitu kimoja, na kiwe kitu ambacho mtoto amekishika mkononi au amekiona mlangoni kwao. Nyimbo za kuwaambia watoto wa miaka minne kwamba elimu ni ufunguo wa maisha zinatufurahisha sisi wakubwa siku ya wageni. Kwao ni kelele. Hali kadhalika nyimbo za kumtisha mvivu kwa fimbo. Sizitungi wala siziimbishi. Kama unataka watoto wanawe mikono, tunga wimbo wa maji, sabuni na viganja, kitendo kimoja kwa mstari. Ukiweka vitendo viwili kwenye mstari mmoja, mikono inachelewa na mdomo unanyamaza.

Angalia pia sauti zenyewe. Wadogo wengi bado wanachanganya "r" na "l", na "dh", "th" na "gh" zinawasumbua. Usizikimbie moja kwa moja, lakini "r", "dh", "th" na "gh" zisiwe kwenye kiitikio. Kiitikio kibebwe na p, b, m, t, k. Vitenzi viwe vya moja kwa moja: anakuja, amelala, nimekula. "Aliyekuja" na wenzake wasubiri darasa la pili.

Tuni iwe ya sauti tano hivi, zinazopanda na kushuka hatua kwa hatua. Sisi watu wazima, hasa wanaume, huanzisha wimbo chini mno. Watoto hawafiki huko, basi wanapiga kelele badala ya kuimba. Anza juu kidogo kuliko unavyopenda, na polepole kuliko unavyodhani.

Siku ya kwanza wape kiitikio tu, wewe uimbe mengine yote. Siku inayofuata nyamaza katikati ya mstari wako mwenyewe uone nani anamalizia. Neno wanaloliruka wote, libadilishe, hata kama ndilo ulilolipenda kuliko yote. Na wakianza kuweka maneno yao, chungwa likawa embe, embe likawa fenesi, waache wafululize, halafu kapige makofi uone mizani zimebaki nane. Embe langu lina nini: inakaa. Fenesi langu: tisa, "fe" ianze kabla ya kofi.