Bafu la marumaru za zamani: chagua umaliziaji ukuta kwa ukuta

Mabafu mengi ya zamani ninayoitwa kuyakarabati Dar es Salaam yanafanana: marumaru nyeupe za sentimita 15 kwa 15, viungio vyeusi, na sehemu mbili tatu zimeanza kutuna. Mara nyingi mwenye nyumba ameshalipia marumaru mpya kabla hata ukuta haujakaguliwa. Naomba tuanze na ukuta, kwa sababu ndio unaoamua nini kitadumu juu yake.

Hatua ya 1: Gonga kila marumaru

Tumia mpini wa bisibisi. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mzito. Iliyoachia hulia kama kibuyu kitupu. Weka alama ya chaki. Zikiwa chache zilizotawanyika, toa hizo na uzibe mashimo kwa lipu ya saruji. Zikilia kwa kundi, lipu yenyewe imeachia tofali, hivyo bandua yote. Hakuna gundi itakayookoa lipu iliyoachia.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanatoka wapi

Unga mweupe kwenye viungio ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu. Funga bomba zote usiku, soma mita, kisha isome tena asubuhi kabla ya mtu kutumia maji. Namba ikisogea, kuna uvujaji. Fundi bomba atangulie. Mita ikitulia, unyevu huenda unapanda kutoka ardhini, au ukuta ulipigwa lipu kwa mchanga wa baharini. Lipu ya namna hiyo itolewe, na mpya ichanganywe kwa mchanga wa mtoni.

Hatua ya 3: Tenga kuta za maji na kuta kavu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huweka marumaru sakafu hadi dari pande zote, wakati zinazopigwa na maji ni kuta za pale unapooga na nyuma ya sinki. Pale pa kuogea panda hadi mita 2 hivi. Kuta nyingine zinatosheka na lipu nzuri na rangi inayooshwa, na fedha iliyobaki inunue gundi bora na dawa ya kuzuia maji.

Hatua ya 4: Chagua

*Marumaru juu ya marumaru.* Inafaa kama za zamani zimeshika. Ondoa mafuta ya sabuni, kwaruza uso kwa grainda, tumia gundi ya marumaru yenye polima (kiungo cha plastiki kinachoongeza mshiko). Saruji na mchanga wa kawaida haishiki uso unaong'aa. Kumbuka ukuta utanenepa kwa sentimita 1.5 hivi: bomba zitazama na fremu ya mlango itaonekana imeingia ndani.

*Kauri au porseleni?* Geuza marumaru, dondoshea maji mgongoni. Kauri ya ukutani hunywa upesi. Kwenye porseleni matone hubaki juu. Kwa hiyo porseleni nayo haiendi bila gundi yenye polima.

*Rangi.* Kwenye kuta kavu tu. Lipu mpya ipe takribani siku 28 kabla ya rangi ya mafuta.

*Jipsamu.* Tafadhali, isiingie kwenye ukuta wa maji. Hulainika ikilowa, na gundi ya saruji ikikutana nayo penye unyevu, muungano hubomoka.

*Paneli za plastiki.* Zinapendeza na ni za haraka, ila zinaficha unyevu. Nazikubali pale tu hatua ya 2 ilipotoka safi.

Kwa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe Zanzibar, saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta. Kuta kavu za humo zirudishiwe lipu ya chokaa na kupakwa chokaa.

Hatua ya 5: Kazi yenyewe

Paka dawa ya kuzuia maji tabaka mbili, la pili likipakwa kwa kukatisha mwelekeo wa la kwanza, na utie utepe wa wavu kwenye kona. Paka gundi kwa mwiko wa meno. Acha viungio vya milimita 2 au 3. Kona zote, na pale ukuta unapokutana na sakafu, jaza silikoni badala ya grauti (saruji laini ya kuzibia viungio), maana kuta husogea kidogo na grauti hupasuka.

Nunua asilimia 10 ya ziada, maboksi yote yawe na namba moja ya shedi, yaani ya kivuli cha rangi. Zitakazobaki zihifadhi, bomba likija kuvuja miaka ijayo, rangi ileile huenda haipo tena dukani.