Kijiti, rula na jua la Dodoma: sayansi ya darasa la tano bila maabara

Walimu wenzangu wa msingi, hii haihitaji maabara wala bajeti, ni kijiti, rula, uwanja na jua ambalo hapa Dodoma tunalo mpaka la kugawa.

Kabla hamjatoka nje uliza swali: kivuli cha kijiti kinakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi, na kitalala upande gani? Kila mtoto aandike jibu lake kwa peni, sio penseli, maana watafuta wakishachungulia la jirani. Na ww kaa kimya, hata sura yako isiseme kitu. Hapo ndo pagumu, tumezoea kujibu. Ila mtoto akishaandika lake anaumia kujua kama kapatia, na hiyo hamu inafanya kazi kuliko maelezo yako ya ubaoni.

Kesho yake chomekeni vijiti, kila kimoja kibaki sm 100 juu ya ardhi (huwa wanasahau wanapima na kilichozama), kisimame wima kwa uzi na kijiwe kama fundi anavyotumia timazi. Grupu la watoto nane kijiti kimoja, na kazi wabadilishane, usiache yule mwenye kiherehere ashike rula siku nzima. Waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila nusu saa toka saa nne, ila kati ya saa sita na saa saba kila dakika 10. Mwezi wa saba upepo utawang'olea vijiti, zungushieni mawe. Na marufuku kuangalia jua lenyewe.

Mwaka wa kwanza niliwaambia kwa kujiamini kabisa kwamba jibu ni saa sita kamili. Binti mmoja akaja na daftari, "madam mbona chetu bado kinapungua na saa sita na nusu ishafika?" Nikamwambia arudie, karudia, grupu zingine nazo zikaleta hivyo hivyo, nikabaki nakuna kichwa. Kumbe saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko huko baharini, haugusi hata Tanzania. Dodoma tuko karibu na nyuzi 36, kwa hiyo jua linachelewa kufika juu yetu, na kila nyuzi moja ni dakika 4, hiyo hesabu waachie wapige wenyewe!

Rudieni vipimo. Mwanzoni mwa mwezi wa saba kivuli kifupi kabisa kitakuwa kama sm 55 kimelala kusini, wiki ya pili ya mwezi wa kumi kinakaribia kupotea, mwishoni mwa mwezi wa 11 kinarudi kama sm 25 ila sasa kimelala kaskazini. Usiwaambie mapema jamani.

Aliyekosea kutabiri usimpige mkasi mwekundu, aandike pembeni alichokiona na kwanini anadhani imekuwa hivyo. Wingu likipita saa ya kupima waandike "wingu" kwenye jedwali, wasijaze namba ya kubuni, na hili lisimamie kweli maana wapo watakaokopi kwa grupu la pili.