Kupima upinde wa chuma kwenye gari la paa la kukunja kabla ya kuingia uwanjani

Waandaaji wengi wa siku za uwanjani Marekani, ambapo watu huendesha magari yao wenyewe kwa kasi kwenye uwanja wa mbio, hawapokei Mazda Miata, gari dogo la paa la kukunja, isiyo na upinde wa chuma nyuma ya siti, na tunawaunga mkono. Gari likipinduka, fremu ya kioo cha mbele hulala, kisha kichwa ndicho hufika kwenye lami. Paa gumu la kupachika halihesabiki, wala pinde za urembo.

Kipimo ni rahisi. Dereva akae kama anavyoendesha, helmeti kichwani, mkanda umefungwa. Laza ufito ulionyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo. Helmeti ibaki chini ya ufito, ikiwezekana kwa sentimita 5. Warefu hukwama hapa: toa sponji ya siti au funga siti ya chini zaidi. Usilaze mgongo wa siti ili ufaulu. Mkanda utaacha bega na mwili utateleza chini yake.

Kagua miguu ya upinde. Kila mguu uwe na bamba la chuma chini ya bodi, si washa (kiringi cha chini ya nati) tupu, la sivyo bolti hung'oka na kipande cha bati. Kaza nati tena baada ya mzunguko wa kwanza wa siku.

Mkanda wa pointi nne, ule wa mbio unaobana mabega yote mawili na kiuno, bila upinde? Hapana kabisa: unakushikilia wima wakati mwili ungeweza kuinama.