Kuilinda fosfati ya ERK kwenye joto la Malindi

Ukipima kwa western blot (njia ya kutenganisha protini na kuzitambua kwa kingamwili) ERK, protini inayopeleka ishara ndani ya seli, na bendi yake yenye fosfati ikatoka hafifu, usianze kuilaumu kingamwili. Mara nyingi sampuli iliharibika pale ulipotoa seli kwenye inkubeta. ERK1, mojawapo ya aina mbili za ERK, huamka pale tu kimeng'enya MEK kinapoitia fosfati mahali pawili, threonini 202 na tairosini 204. Ikipata moja, ni mlango uliofunguliwa komeo la juu huku la chini limekaza. Na fosfatasi zimo humohumo ndani ya seli, kazi yao ni kunyofoa fosfati. Ukipasua seli bila kuzizuia zitaendelea kunyofoa, na wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto, ndio mbaya zaidi.

Kati ya vizuizi vya fosfatasi, anza na vanadeti, maana ndiyo wengi huiboronga. Yeyusha sodiamu othovanadeti ifike 200 mM (milimoli kwa lita), rekebisha pH iwe 10. Ukiona manjano, molekuli zimeshikana na hazitazuia kitu. Chemsha mpaka rangi iishe, poza, pima pH tena, rudia hadi ibaki 10 bila manjano kurudi. Gawa vijichupa, gandisha. Kwenye bafa ya kupasulia tia 1 mM; hiyo inashika fosfatasi za tairosini. Za serini na threonini zinataka sodiamu floraidi 50 mM na beta-gliserofosfeti 10 mM. Kemikali za EDTA na DTT ziache nje ya bafa: ya kwanza huikamata vanadeti, ya pili huibadilisha.

Seli zilale usiku kucha bila seramu, kisha uzipe EGF, kichocheo cha kuiamsha ERK, nanogramu 100 kwa mililita, dakika 5. Sahani moja isipewe EGF, iwe ya kulinganishia.

Barafu ya vipande vikubwa huacha mianya chini ya sahani. Tafuta iliyopondwa, ile wanayofukia samaki, uitie maji kidogo ili sahani ikae juu ya baridi yote. (Kasha liwe lako, si la samaki.) Mwaga maji ya seli, suuza mara moja kwa bafa baridi, tia bafa ya kupasulia, kwangua. Usisimame kuzungumza na mtu.

Utando uliohamishiwa protini uufunike kwa albumini ya ng'ombe asilimia 5 kabla ya kutia kingamwili. Maziwa yana kaseini, nayo ina fosfati zake, hivyo utando unaweza kuchafuka wote.

Pima pia ERK yote, yenye fosfati na isiyo nayo; bendi zake ziko kwenye uzito wa kDa (kilodaltoni) 42 na 44. Zikififia ya fosfati na ERK yote pamoja, ulipakia protini kidogo. Ikififia ya fosfati peke yake, rudi kwenye vanadeti na barafu. Sahani isiyopewa EGF nayo ikiwaka, seli hazikukaa bila seramu vya kutosha, au ulizibadilishia maji dakika za mwisho; mtikiso huo pekee unaweza kuiamsha ERK.