Klabu ni ya wanachama, sasa we mchango wako uko wapi?

Cha kwanza kabisa, kata kadi. Kuna watu kibao ni mashabiki wa damu kabisa, mechi hawakosi, jezi wanayo, ila kwenye daftari la wanachama jina halipo, na kwa klabu inayomilikiwa na wanachama hapo ndo penye shughuli maana bila kadi huna kura, utapiga kelele jukwaani mpaka sauti ikauke na uamuzi watafanya wengine. Ada kama inaruhusiwa kulipwa kidogo kidogo kila mwezi chagua hiyo, mweka hazina akijua mwezi ujao inaingia shilingi ngapi anaweza kupanga nauli ya ugenini na hela ya marefa bila kuanza kukimbizana na watu Ijumaa usiku.

Alafu omba katiba ya klabu uisome, tena taratibu. Angalia kura inahesabiwaje, nani ana mamlaka ya kuuza uwanja au jina au nembo, na wanachama wangapi wakisaini mkutano wa dharura unaitishwa. FC United of Manchester, klabu ndogo ya Uingereza (sio Manchester United) iliyoanzishwa na mashabiki 2005, kila mwanachama ana kura moja tu, haijalishi kachangia kiasi gani. Ujerumani wana kanuni ya 50+1, wanachama lazima wabaki na kura zaidi ya nusu hata mwekezaji alete hela za namna gani, na klabu zilizoruhusiwa kukaa nje ya hiyo kanuni ni chache mno. Mimi nasema kabisa, kipengele cha namna hii kikikosekana kwenye katiba yenu basi hiyo ndo kazi ya kwanza, kabla ya straika mpya.

Kwanini nakazia hapo, kaangalie yaliyowakuta mashabiki wa Wimbledon, klabu ya London. 2002 klabu yao iliruhusiwa kuhamishiwa Milton Keynes, mji mwingine kabisa, na mashabiki hawakuwa na kura ya kuzuia. Wakaanzisha ya kwao, AFC Wimbledon, wachezaji wakawatafuta kwa majaribio kwenye viwanja vya wazi, wakaanzia ligi za chini huko, 2011 wakapanda mpaka daraja la nne la Uingereza, na 2020 wakarudi mtaani kwao Plough Lane kwenye uwanja mpya ambao sehemu ya hela mashabiki wenyewe waliikopesha klabu. Inatia moyo sana, ila ni miaka 18 ya kurudisha kitu walichokuwa nacho.

Mkutano mkuu nenda, hata kama timu inafungwa, hasa kama inafungwa. Uliza tunadaiwa na nani, mishahara inakula kiasi gani cha mapato, na hela ya mlangoni inahesabiwa na watu wangapi (mmoja hatoshi, hata awe mwaminifu vipi). Uliza kwa heshima lakini usiondoke bila jibu, viongozi wengi nao wanajitolea tu na wamechoka.

Kujitolea sasa. Chagua kazi moja unayoiweza kweli kweli, kukata tiketi, kufunga nyavu, kupiga chokaa, kufagia majukwaa watu wakishaondoka. Kama una ufundi mkononi, umeme, bomba, uhasibu, udereva, sema mapema, klabu hulipia sana vitu ambavyo mwanachama wake angevifanya jioni moja. Ahidi kidogo ufike kila wiki.

Mechi za vijana na za wanawake nazo nenda, wale wanacheza kwa jezi ileile.

Na siku akitokea tajiri na ahadi zake, msimfukuze, ila ahadi ziwekwe kwenye maandishi, wanachama wagawiwe nakala wakasome nyumbani, na kura ipigwe siku nyingine, sio siku hiyohiyo watu bado wanashangilia.